Mapitio: zana za kufundisha kwa ngazi ya mtoto, baada ya kuzitumia darasani

Zana ninazozipitia hapa zinaenea ndani ya mfuko mmoja: karatasi ya kupimia usomaji, karatasi ya kupimia hesabu, chati ya silabi, kadi za tarakimu, mafungu ya vijiti, vitabu vichache vya hadithi fupi na fomu ya kuandikia matokeo. Ni zana za utaratibu ulioasisiwa na shirika la Pratham la India, unaojulikana kimataifa kwa jina la Teaching at the Right Level, au TaRL kwa kifupi, ambao humpanga mtoto kulingana na anachokiweza badala ya darasa ambalo jina lake limeandikwa. Seti tuliyoletewa shuleni iliandaliwa kwa Kiswahili na shirika ambalo sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko kuhusu uchapaji wake na sioni haja ya kulitia aibu. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa mtoto wa darasa la tatu hadi la tano ambaye bado hajui kusoma, sijaona kitu kingine cha gharama hii kinachofanya kazi vizuri zaidi; lakini kwa mwalimu anayetafuta namna ya kufundisha sayansi au maarifa ya jamii katika darasa lenye watoto wa uwezo tofauti, mfuko huu utamsaidia kidogo sana, hata kama kwenye semina aliambiwa vinginevyo.

Tatizo ambalo zana hizi zinalikabili linafahamika kwa kila mwalimu wa shule ya msingi. Tangu mwaka 2009 watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima kujifunza kwa watoto, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba nchini Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwapima watoto wa hadi miaka 16 kwa jaribio lililotungwa kwa kiwango cha darasa la pili, na mara kwa mara wamewakuta watoto wa madarasa ya juu wasioweza kulimaliza. Kwa upande wa Tanzania, uwiano unaotakiwa katika shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, ila baada ya ada na michango kuondolewa mwaka 2016 wengi wetu tumeuona uwiano huo kwenye nyaraka tu. Katika chumba kimoja cha darasa la tatu unaweza kumkuta mtoto anayesoma gazeti la baba yake akiwa ameketi dawati moja na mwenzake asiyetofautisha "b" na "d", na wote wawili wanasubiri kipindi kilekile cha Kiswahili kilichoandaliwa kwa andalio la somo moja. Andalio hilo, tukisema ukweli, huandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa wastani ambaye hayumo darasani.

Nianze na karatasi ya kupimia usomaji, kwa kuwa ndiyo kitu bora kuliko vyote katika mfuko huu. Ni ukurasa mmoja wenye silabi, maneno, aya ya sentensi chache na hadithi fupi. Mwalimu hukaa pembeni na mtoto mmoja, humpa aya kwanza, kisha humsikiliza. Akiisoma kwa mtiririko bila kukosea zaidi ya mara tatu, hupandishwa kwenye hadithi. Akikwama, hushushwa kwenye maneno, ambako huchagua matano na kutakiwa kupatia angalau manne. Akikwama na hapo, hushushwa kwenye silabi kwa kanuni hiyohiyo. Zoezi lote huchukua dakika chache tu, na mwisho wake mwalimu anajua mtoto yuko ngazi ya mwanzo, ya silabi, ya neno, ya aya au ya hadithi. Hakuna alama za kujumlisha wala nafasi ya kwanza hadi ya mwisho, jambo ambalo wazazi waliozoea kuuliza "amekuwa wa ngapi?" hulipokea kwa mashaka.

Nguvu ya kipimo hiki ni kwamba maandishi yake ni mageni kwa mtoto. Katika darasa la nne kulikuwa na mvulana ambaye kila alipoitwa mbele alisoma kitabu cha kiada kwa sauti kavu isiyotetereka, akipitisha kidole chini ya mistari, na mwalimu wake alimhesabu miongoni mwa wasomaji wazuri. Nilipoketi naye kwa karibu niliona kidole kiko mstari wa pili ilhali mdomo umeshafika wa nne. Alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kuwasikiliza wenzake. Alipopewa aya asiyoijua alinyamaza. Aliposhushwa kwenye maneno alikisia kwa kutazama herufi ya kwanza. Kwenye silabi alitamka "ma", "ki" na "to" bila shida, lakini hakuweza kuziunganisha zikawa neno. Mtihani wa kuandika wa mwisho wa muhula ungempa alama ndogo na maneno "ongeza bidii". Karatasi hii ilimwonyesha mwalimu mahali hasa pa kuanzia.

Kwa lugha yetu, ngazi ya silabi ina uzito ambao watungaji wa seti hawakuutendea haki. Kiswahili kinasomeka kwa urahisi kwa sababu silabi zake nyingi ni za konsonanti moja na irabu moja, na mtoto akishaimudu safu ya "ba be bi bo bu" anaweza kuimudu safu ya "ka" kwa kuigeza. Kikwazo huja kwenye silabi changamano: "nya", "ng'o", "mbwa", "nywe", "chwa", "gha". Mtoto anayesoma "baba anakula" kwa kasi hukwama kabisa kwenye "ng'ombe anakunywa", na katika seti tuliyopewa chati ilikuwa na safu za silabi sahili pekee, huku aya ya kipimo ikiwa na maneno matatu yenye silabi changamano. Kwa hiyo ilipima kitu ambacho chati haikufundisha. Tulilazimika kuandaa chati ya pili kwa karatasi ya manila na kalamu rashasha, na namshauri yeyote atakayepokea seti kama hii afanye hivyo kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo.

Maelekezo ya upimaji nayo yana pengo. Hayasemi lolote kuhusu mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitofautishi "l" na "r", anayesoma "kalamu" kama "karamu" ingawa jicho lake limeiona herufi sawasawa. Mpimaji mkali atamhesabia kosa na kumshusha ngazi asiyostahili kushushwa. Kilichotusaidia ni kumwomba mtoto aonyeshe kitu alichokisoma: akinyoosha kidole kwenye kalamu iliyo mezani, amesoma. Vilevile hadithi ya mwisho ina maswali mawili ya ufahamu ambayo yote hujibiwa kwa kurudia sentensi iliyoandikwa, kiasi kwamba mtoto anayetamka vizuri bila kuelewa hupita akiwa amenyoosha kifua. Swali moja la "kwa nini" lingetosha kuliziba pengo hilo.

Baada ya kupima huja kupanga, na hapo ndipo shule nyingi hukata tamaa. Utaratibu unataka watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano wachanganywe kwa muda maalumu kila siku, kila mmoja aende kwenye kundi la ngazi yake, kisha warudi madarasani kwao kwa masomo ya kawaida. Maana yake ni kwamba ratiba ya shule nzima ibadilishwe, walimu wasiofundisha Kiswahili nao wachukue makundi, na mwalimu mkuu asimame imara mbele ya mdhibiti ubora anayeuliza kwa nini saa hiyo haimo katika ratiba ya wizara. Vyumba havitoshi, kwa hiyo kundi moja hukaa chini ya mwembe na jingine barazani mbele ya ofisi, na mvua ikinyesha makundi mawili hugeuka kuwa moja. Mwalimu mkuu asiyeamini jambo hili toka moyoni asilianze, kwa kuwa litakufa ndani ya mwezi.

Sisemi hayo kwa kukisia. Utaratibu huu umefanyiwa tathmini kwa miaka mingi nchini India, na mojawapo ya mambo yaliyobainika ni kwamba kuwapa walimu wa serikali mafunzo na vifaa peke yake hakukuleta mabadiliko ya maana, kwani walirudi kukimbizana na mtaala kama kawaida. Katika jimbo la Haryana matokeo ya usomaji yaliinuka pale ilipotengwa saa rasmi ya siku, watoto wakapangwa upya kwa ngazi, na wasimamizi wa elimu wakafuatilia kwa kufika shuleni. Zambia nayo, katika mpango wake wa Catch Up kwa darasa la tatu hadi la tano, imeuweka utaratibu huu mikononi mwa serikali yenyewe. Kwa hiyo anayedhani atagawiwa mfuko, aufungue, na darasa libadilike lenyewe, ajue kwamba mfuko ndio sehemu nyepesi ya kazi.

Wapo wanaopinga upangaji huu kwa hoja nzito: kwamba ukiwatenganisha watoto kwa uwezo, walio nyuma watabaki nyuma daima na walimu watawadharau. Hoja hiyo inastahili jibu, na jibu ninalolijua lilipatikana hapahapa jirani. Wanauchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 za msingi magharibi mwa Kenya zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza; katika takriban nusu ya shule hizo watoto waligawanywa katika mikondo miwili kulingana na alama zao za mwanzo, na katika nyingine waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizogawa kwa uwezo walikuwa mbele, na waliofaidika hawakuwa wale wa mkondo wa juu peke yao. Wa mkondo wa chini nao walipanda. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu mwenye darasa la watoto wanaokaribiana uwezo anaweza kurekebisha kasi na kiwango cha somo lake. Tafsiri yangu ni kwamba kumgawa mtoto kwa uwezo hakuna faida yoyote ikiwa mwalimu ataendelea kusoma andalio lilelile kwa makundi yote.

Bado onyo la wapinzani linafaa kushikwa kwa upande mmoja: majina ya makundi. Fomu tuliyopewa inayataja makundi kwa ngazi zake, na watoto si wajinga. Ndani ya siku chache "kundi la mwanzo" lilikuwa limeshakuwa tusi la uwanjani. Tuliyapa makundi majina ya samaki, changu, kolekole, jodari na nguru, bila mpangilio wowote wa ukubwa, tukawa tunayabadilisha kila baada ya upimaji. Dawa hasa, hata hivyo, ni kuwahamisha watoto mara kwa mara. Kundi ambalo mtoto analijua kuwa la muda halimvunji moyo, na ndiyo maana upimaji wa kila baada ya wiki chache ni uti wa mgongo wa utaratibu wote. Shule inayopima mara moja tu Januari na kuacha makundi yakae hadi Novemba haijautekeleza utaratibu huu. Imeunda mkondo wa wazembe na kuupa jina zuri.

Kuhusu shughuli za kila siku sina malalamiko mengi. Kila kipindi huwa na sehemu ya kundi zima, ya vikundi vidogo na ya mtoto peke yake, na kwa kundi la silabi mchezo wa kurukia silabi zilizochorwa kwa chaki sakafuni hufanya kazi kubwa kuliko sura yake: mwalimu hutamka "kiatu", mtoto huruka "ki", "a", "tu", na aliyekosea huonekana mara moja bila mtu kumkaripia. Zoezi ninalolipenda zaidi ni la kuwataka watoto waseme sentensi kuhusu jambo lililotokea kijijini, mwalimu akaiandika ubaoni kama walivyoisema, nao wakaisoma wenyewe. Mtoto aliyesema "mbuzi wa bibi amekula daftari langu" ataisoma sentensi hiyo kwa hamu ambayo kitabu cha kiada hakijawahi kumpa, na ndani yake "mbuzi" imeshamfundisha silabi ngumu bila yeye kujua.

Upande wa hesabu nitaupita kwa haraka, kwa kuwa unategemea kifaa kimoja kizuri: vijiti na kamba ya mpira ya kufungia makumi. Kiswahili chetu cha namba huwaponza watoto. Ukisema "mia nne na saba", mtoto aliyeelewa nusu huandika 4007, kwa sababu amesikia 400 kisha 7 na akaandika alichosikia. Ukimpa mafungu manne ya mia, nafasi tupu ya makumi na vijiti saba, huiona sifuri ikiwa na kazi. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto anayetoa 37 kutoka 52 na kupata 25, kwa kuwa kila mara hutoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali iko juu au chini. Akilazimika kufungua fungu moja la kumi kwa mikono yake, kosa hilo huanza kumtoka. Vijiti tulivikata wenyewe, na visoda navyo vinafaa kwa mamoja.

Udhaifu mkubwa wa seti hii unahusu watoto wenye mahitaji maalumu, na hapa sitapunguza maneno. Maandishi ya kipimo na ya chati yalichapwa madogo mno, kiasi kwamba mtoto mwenye uoni hafifu huanguka ngazi ya mwanzo si kwa kutojua herufi bali kwa kutoziona. Niliwahi kumpima msichana mmoja ambaye karatasini hakutambua silabi hata moja, lakini nilipoandika silabi zilezile ubaoni kwa herufi za ukubwa wa kiganja alizisoma karibu zote. Mwongozo hauna hata sentensi moja ya kumwambia mpimaji ajaribu maandishi makubwa, akague usikivu wa mtoto kabla ya kumhukumu, au ampe muda mrefu zaidi mwenye kigugumizi. Zana inayojitangaza kuwa ya kumfuata mtoto alipo haikupaswa kuacha pengo hilo, hasa ikizingatiwa kwamba watoto hao ndio hujazana kwenye kundi la mwanzo na kubaki humo upimaji baada ya upimaji.

Udhaifu wa pili ni mipaka yake ya kimasomo. Saa ya makundi ikiisha, watoto hurudi darasani kwao, na mwalimu wa sayansi anabaki na viwango vilevile mbele yake. Mfuko hauna la kumwambia. Kinachosaidia hapo ni ufundi wa kawaida wa kurekebisha kazi ndani ya somo moja: wote huchunguza mche uleule wa maharage, lakini mmoja huchora na kuandika majina ya sehemu, mwingine hukamilisha sentensi zenye nafasi, na wa tatu hueleza kwa aya kwa nini mche uliowekwa kabatini umepauka. Ufundi huo hutegemea mwalimu, nao huchukua muda wa maandalizi ambao mwalimu mwenye vipindi vingi kwa wiki hana. Sidai seti ilitakiwa kulimaliza suala hilo, ila waliotufundisha kuitumia wasingeliahidi.

Nimeulizwa na wenzangu kama vishikwambi visingekuwa bora zaidi. Mkoa wa Tanga uliwahi kuwa uwanja wa jaribio kubwa la aina hiyo: katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 wa karibu vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kwa Kiswahili. Zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma hata neno moja mwanzoni, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 waligawana watengenezaji wawili wa programu hizo, onebillion na Kitkit School. Ubora wa kishikwambi ni kwamba kila mtoto huenda kwa kasi yake bila kungoja kundi, na hamna anayejua mwenzake yuko somo la ngapi. Lakini kinahitaji umeme wa jua, mtu wa kukitengeneza na kabati lenye kufuli, na hakiwezi kumuuliza mtoto habari za mbuzi wa bibi. Kwa shule yenye fedha na mlinzi, viwili hivi vingefaa kwenda pamoja. Kwa shule kama yetu, vijiti na manila ndivyo vinavyopatikana.

Limebaki suala la watoto walioko juu. Kundi la hadithi huongezeka kila upimaji, jambo ambalo ndilo tunalolitaka, na seti tuliyopewa ilikuwa na vitabu vichache vya kurasa nane ambavyo kundi hilo lilivimaliza mapema na kuanza kuvisoma kwa kejeli, kwa sauti za watangazaji wa mpira. Anayepanga kuagiza au kupokea zana hizi aulize kwanza idadi ya vitabu vya ngazi ya hadithi, na ahakikishe vinazidi idadi ya watoto watakaokuwa katika kundi hilo ifikapo muhula wa pili. Akikosa, aombe nakala za vitabu vya maktaba ya kata au halmashauri kabla makundi hayajaanza, kwa sababu barua ya maombi huchukua muda mrefu kujibiwa kuliko mtoto anavyochukua kupanda kutoka aya hadi hadithi.